Je, kupanga kazi ya kanisa ni kumfungia Roho mlango? Jibu kwa mwinjilisti wa Tandahimba

Swali: "Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti, ninahudumia mtaa mmoja katika wilaya ya Tandahimba. Waumini watu wazima ni kama tisini, wengi wao wakulima wa korosho. Usharika umeagiza kila mtaa upeleke mpango wa miaka mitatu kabla ya mwezi wa nane kwisha. Nilipolifikisha jambo hili kwenye baraza la wazee, mzee mmoja ambaye sote tunamheshimu alisema kazi ya Mungu haipangwi kama bajeti ya halmashauri, na kwamba tukipanga tunamfungia Roho Mtakatifu mlango. Wengine wakanyamaza. Mpango uliotangulia ulipendeza sana kwenye karatasi lakini haukutekelezwa. Boma la kanisa limesimama kwenye lenta, huu mwaka wa tatu, na ahadi za ujenzi ambazo watu waliandika wakati wa Pasaka hawajamaliza kulipa. Nimeanza kuandika mpango mpya mwenyewe usiku kwa sababu sioni wa kunisaidia. Je, yule mzee ana haki? Na kama kupanga ni sahihi, mbona kwetu hakuzai matunda? Watu wangu wamepungukiwa imani, au mimi sina kipawa cha uongozi?"

Amina, mwinjilisti. Nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Wengi walio kwenye nafasi yako huandika karatasi yoyote, wakaipeleka usharikani ili yaishe, na mwaka ukageuka bila mtu kuifungua tena.

Umeuliza kuhusu mzee, umeuliza kuhusu mpango uliokwama, lakini naona linalokunyima usingizi ni lile la mwisho. Unaogopa kwamba boma lililosimama kwenye lenta linasema neno baya juu ya imani ya watu wako, au juu yako wewe. Nikujibu hilo kwanza: kwa maelezo uliyonipa, sioni dalili ya upungufu wa imani. Watu tisini wa Tandahimba walioandika ahadi mwezi wa tatu au wa nne, wakati mfukoni hamna kitu, hao wana imani. Ninachokiona ni mpango ulioandikwa kwa kalenda isiyo yao, ukaandikwa na mikono michache, na haukupewa siku ya kuangaliwa tena. Hayo yote yanatengenezeka.

Sasa yule mzee. Naomba usimpite haraka, maana nusu ya neno lake ni kweli. Mtume Yakobo anawakemea wale wasemao leo au kesho tutaingia katika mji fulani, tutakaa mwaka mzima, tutafanya biashara na kupata faida, na hali hawajui yatakayokuwako kesho. Kuna mipango ya kanisa inayosema hivyo hivyo: mwaka wa kwanza waumini wataongezeka kwa kiasi hiki, mwaka wa pili sadaka itakuwa hivi, mwaka wa tatu tutapaua. Kila kitu kimo isipokuwa Mungu, ambaye ametajwa kwenye jalada tu. Kama mzee wako aliwahi kuona mpango wa namna hiyo, na kwa umri wake lazima ameuona, basi hofu yake ina mizizi.

Lakini soma Yakobo mpaka mwisho wa aya ile. Dawa anayoitoa ni kusema, "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Bado kuna "hivi au hivi". Mtu asiye na jambo lolote analokusudia hawezi hata kuitamka sentensi hiyo. Vivyo hivyo Bwana Yesu aliposema tusisumbukie ya kesho, alikuwa anaigusa hofu inayomla mtu moyoni. Ni yeye huyo huyo, katika Luka 14, aliyeuliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama.

Mtazame pia Paulo. Aliwaandikia Warumi kwamba anakusudia kwenda Hispania na kwamba angepitia kwao njiani. Huo ni mpango wenye njia na kituo. Na katika Matendo 16 alitaka kulihubiri neno katika Asia, akakatazwa na Roho. Akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa. Akafika Troa, ndipo akaona maono ya mtu wa Makedonia. Roho alimwongoza akiwa njiani kuelekea mahali. Aliyeketi nyumbani bila nia ya kwenda popote, atajuaje kwamba amezuiwa?

Huku kwetu Kusini tuna historia inayofundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakaanza safari ya kwenda bara. Nia ilikuwa kuwarudisha watu wale kuelekea kwao, upande wa Nyasa. Walipofika Masasi hawakuendelea, wakaanzisha makazi pale pale. Miaka sita baadaye, 1882, makazi yale yakashambuliwa na wapiganaji wa Kingoni, na kitovu cha kazi kikahamia Newala. Ukitazama dayosisi iliyozaliwa kutokana na kazi hiyo mwaka 1926, hutaona mpango uliotimia kama ulivyoandikwa. Utaona watu waliotoka na mwelekeo, wakasimamishwa, wakapigwa, na kila mara wakaketi tena kuuliza: sasa hapa tulipo, Bwana anataka tufanye nini? Hadithi hiyo inafaa kusimuliwa kwenye baraza lenu, maana Masasi na Newala si mbali na ninyi, na huenda wapo wenye ndugu huko.

Nenda kwa mzee nyumbani kwake kabla ya kikao kingine. Usiende kumshinda kwa aya hizi. Muulize ameona nini miaka yote hii, mipango mingapi imepita mbele ya macho yake, ni nani aliumia. Halafu mwombe awe ndiye atakayewakumbusha wenzake, katika kila kikao cha mpango, kunyamaza na kuomba kabla ya kuamua. Mtu anayehofia Roho kufungiwa mlango ndiye anayefaa kukaa mlangoni.

Tuje sasa kwenye swali ambalo ndilo zito kuliko yote: kwa nini hakukuzaa matunda.

Nitakupeleka kwa Nehemia, maana viongozi wengi wanamnukuu kuhusu ujenzi lakini wanamsoma nusu. Habari za ukuta ulioanguka zilimfikia mwezi wa Kisleu. Alipozungumza na mfalme ulikuwa mwezi wa Nisani. Hapo kati kuna kama miezi minne ya kulia, kufunga na kuomba. Mfalme alipomuuliza anataka nini, Nehemia aliomba hapo hapo moyoni, kisha akajibu kwa mambo ya hakika: akataja muda atakaochukua, akaomba barua za kupita, akaomba miti ya boriti kutoka msitu wa mfalme. Usidhani basi kwamba siku za maombi zilikuwa tofauti na siku za mpango. Majibu yale yaliiva katika maombi yale.

Alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano. Aliondoka usiku na watu wachache, akazunguka magofu akiyatazama, mpaka mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Baada ya hapo ndipo akasema na watu, nao wakajibu wenyewe, "Na tuondoke tukajenge." Na ukisoma sura ya tatu polepole, majina yale mengi ambayo sisi wahubiri huwa tunayaruka, utaona kwamba watu kadhaa walijenga kipande kilichoelekea nyumba zao.

Sura ya tano ndiyo ninayotaka uisome na wazee wako kwa sauti. Kazi ikiwa katikati, watu wakalia. Wakasema tumeweka rehani mashamba yetu na mizabibu yetu na nyumba zetu ili tupate nafaka wakati wa njaa. Nehemia alikuwa na adui nje na ukuta haujakwisha, lakini alikusanya kusanyiko kubwa, akashughulika na madeni ya watu. Hakuwaambia wavumilie mpaka ukuta ukamilike. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, na mimi naamini sura ya tano ni sehemu ya sababu.

Kwa nini nakazia hapo? Kwa sababu ya Pasaka yenu.

Wewe unaijua korosho kuliko mimi, lakini weka mwaka wa muumini wako mezani uutazame. Fedha inaingia minada ikishafunguliwa, kuanzia mwezi wa kumi na kuendelea, baada ya mzigo kupita chama cha msingi, kwenda ghala kuu, kuuzwa, na malipo kufika benki. Mwezi wa kwanza zinatoka: sare, madaftari, michango ya shule, madeni ya nyuma. Wakati huo huo mvua imeshika, watu wanalima na kupalilia chakula. Ifikapo Pasaka, mwezi wa tatu au wa nne, nyumba nyingi zinahesabu vibaba. Baadaye shamba la korosho linadai: kufyekea, kisha kupulizia dawa ya salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kuanzia mwezi wa sita. Hata salfa ya ruzuku ikipatikana, mashine, mafuta na vibarua vinataka fedha taslimu. Mwenye mbaazi hupata kidogo kuanzia mwezi wa nane. Ndugu zetu wa Lindi wenye ufuta wana nafuu katikati ya mwaka. Wengi wa kwenu wanangoja mnada.

Ninyi mkawaandikisha ahadi wakati wa Pasaka, na bila shaka mkawakumbusha mwezi wa sita, wa saba na wa nane.

Nilipata kukaa na mama mmoja mjane barazani kwake, upande wa Newala. Jina lake lilikuwa limesomwa ibadani pamoja na majina ya wengine ambao hawajamaliza ahadi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya; mweka hazina alisoma orodha aliyopewa. Kesho yake mama yule alikwenda kwa mnunuzi wa kangomba, yule anunuaye nje ya mfumo wa minada, wakakubaliana bei ya korosho ambazo bado zilikuwa maua mtini, akapokea fedha, akalipa ahadi yote. Risiti ya kanisa alikuwa ameikunja ndani ya kitabu cha nyimbo, akanionyesha kwa heshima kabisa, bila kunung'unika. Mnada ulipofunguliwa, mzigo wake mkubwa ulikuwa wa mtu mwingine. Kanisa liliandika kwenye taarifa kwamba mama amekamilisha. Hakuna safu kwenye taarifa ile iliyoonyesha alichokipoteza.

Mwinjilisti, hapo ndipo uongozi wa kiroho na mpango vinapokutana. Mchungaji mwema anawajua kondoo wake, na kuwajua ni pamoja na kujua fedha yao inaingia lini na njaa inaingia lini. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Kama mafanikio ya watu wako yana msimu, utoaji wao nao utakuwa na msimu. Mkiomba ahadi ya ujenzi mwezi wa kumi na moja, siku ya mavuno, watu ndio kwanza wamelipwa au wanajua mzigo wao uko ghalani, mtashangaa imani ambayo mlidhani haipo. Na pokeeni mazao yenyewe pia: kilo za korosho, debe la mbaazi, mihogo, kuku. Mnada ule wa mazao nje ya kanisa baada ya ibada una furaha ambayo daftari la ahadi halina.

Na naomba, kuanzia sasa, majina ya wasiolipa yasisomwe tena ibadani.

Mpango wenu uwe pia na mahali panapojibu swali hili: mnada ukichelewa, tutafanya nini? Mnakumbuka msimu wa 2018. Wakulima walizikataa bei, mwezi wa kumi na moja serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ukafuata, na wapo waliolipwa mwaka uliofuata. Kanisa lililokuwa limekopa bati dukani kwa kutegemea mnada lilipata taabu. Kanuni yangu ni kwamba mtaa mdogo usikope kwa sadaka ambayo bado iko mtini. Nunueni kwa awamu, kinachopatikana kinunuliwe na kuhifadhiwa mahali pakavu.

Kuna sababu nyingine ya kukwama, nayo ni mabega. Chukua daftari, andika kila kazi ya mtaa: mafundisho ya watoto, kwaya, hazina, usafi, wanawake, kutembelea wagonjwa, kamati ya ujenzi, kuandaa meza ya Bwana. Mbele ya kila kazi andika jina la anayeifanya kweli, si aliyechaguliwa. Nadhani utaona majina matano au sita yanajirudia, na moja au mawili, aghalabu ya akina mama, yapo karibu kila mstari. Ukiongeza mpango mpya bila kuutazama ukurasa huo, umewaongezea mzigo wale wale. Huenda jambo la kwanza katika mpango wenu likawa kupumzisha kitu fulani. Hilo linahitaji ujasiri kuliko kuanzisha.

Unafanyaje sasa, muda ukiwa mfupi?

Njia ya kwanza ni hiyo uliyoianza: umalizie usiku, uupeleke. Faida yake ni kwamba usharika utakuwa na karatasi kwa wakati na hutagombana na mtu. Hasara ni kwamba utaubeba peke yako, na siku ukihamishwa utabaki kabatini. Njia ya pili ni kumwalika mtaalamu aendeshe semina. Mimi mwenyewe huitwa kwa kazi hiyo na sitaibeza. Mgeni husaidia watu kusema wasiyoyasema mbele ya mwinjilisti wao. Lakini kuna nauli, chakula na posho, na mara nyingi mpango unaotoka hapo umejaa maneno ya mgeni: dira, dhamira, malengo mahususi, viashiria. Bibi wa miaka sabini aliyekaa benchi la nyuma hawezi kuusimulia nyumbani.

Njia ninayokushauri ni ya tatu: fanyeni wenyewe, kidogo, kwa wiki zilizobaki. Nikwambie ukweli kwamba ina maumivu yake. Utasikia lawama, nyingine zitakuwa juu yako. Na kitakachotoka kitaonekana kidogo mbele ya mitaa mingine yenye mipango minene.

Anza na jumuiya. Wewe na wazee mgawane, mpite nyumba zinaposalia, muulize maswali machache kwa lugha ya kawaida: ni wakati gani mliona Mungu akitenda kati yetu? Nani kati yetu anaumia na hatumfikii? Tunafanya nini ambacho kimeshapoteza maana? Sikilizeni, andikeni, msijibu. Mwende pia kwa waliopotea ibadani na kwa vijana walioko kwenye bodaboda, na kwa walioko Mtwara mjini au Dar es Salaam mpige simu, maana nao ni wa mtaa wenu.

Kisha chagueni siku moja, Jumamosi au alasiri ya Jumapili, mkutane wote wanaoweza. Bandikeni karatasi za manila ukutani, kila karatasi mwezi mmoja, mkianzia mwezi wa saba mpaka wa sita mwaka unaofuata. Watu wenyewe waje waandike au wamweleze kijana awaandikie: hapa tuna fedha, hapa tuna kazi shambani, hapa njaa, hapa malaria, hapa watoto wako likizo, hapa jando na unyago. Muweke pia Ramadhani, ambayo hutangulia takriban siku 11 kila mwaka, kwa sababu majirani zenu wengi ni Waislamu, na pengine nusu ya ukoo wa kila mmoja wenu. Kupanga mkutano wa injili wenye vipaza sauti saa za futari ni kosa la kukosa kumjua jirani, na ni rahisi kuliepuka kalenda ikiwa ukutani. Pale ndipo watu watakapoona wenyewe kwa nini ahadi za Pasaka zilikwama. Hutahitaji kuwaeleza.

Hilo la jando nalo msilikwepe kwa aibu. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, pamoja na mapadre wenyeji, hawakulipuuza jando wala kulifumbia macho. Walitengeneza namna ya Kikristo ya kulifanya, ili kijana asichanwe kati ya kanisa na ukoo. Unaweza kuyakubali au kuyahoji waliyoyafanya. Ninachopenda ni kwamba waliangalia maisha ya watu jinsi yalivyo wakaingiza mafundisho humo. Nanyi mjiulize: watoto wetu wakirudi kutoka huko, kanisa linawafundisha nini, na nani anayewafundisha? Katika mipango mingi ninayoisoma, ujenzi unachukua kurasa, mafundisho ya watoto mstari mmoja. Mimi ningependa iwe kinyume chake, hata kama boma litangoja.

Mkishaona picha ya mwaka, someni Neno, nyamazeni. Nasema kunyamaza kwa maana yake, dakika za kutosha mpaka watu waanze kuona ugumu wake. Halafu zungumzeni. Kumbuka baraza la Yerusalemu katika Matendo 15: palikuwa na hoja nyingi, Petro akashuhudia aliyoyaona, Barnaba na Paulo wakasimulia, Yakobo akayapima kwa maandiko, na mwishoni wakaweza kuandika kwamba "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi". Roho hakuzuiwa na mjadala ule. Alikuwa ndani yake. Basi usihofu watu wakitofautiana. Hofia wakinyamaza kama walivyonyamaza siku ile barazani.

Chagueni mambo mawili au matatu tu. Kila jambo liwe na jina la mtu, maana kazi ya "kamati" huwa haina mwenyewe, na liwe na mwezi wa kuanza unaolingana na karatasi zile ukutani. Mwaka wa kwanza uandikwe kwa undani. Wa pili na wa tatu andikeni mwelekeo kwa sentensi chache, kwa sababu hamjui minada itakavyokuwa wala nani atakuwa hai, Bwana akipenda. Muweke na siku za kuangalia tulipofika: moja minada ikikaribia kwisha, moja kabla ya salfa. Siku hizo ndizo zilizokosekana kwenye mpango uliopita, nina uhakika nazo karibu kama ninavyoijua korosho yenu.

Kuhusu fedha za ujenzi, nitasema machache kwa kuwa unayajua. Wahesabuji wawili au zaidi wasio wa nyumba moja, risiti kwa kila mtoaji, akaunti yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, taarifa ubaoni ambayo kila mtu anaisoma. Paulo alipobeba mchango wa makanisa kwenda Yerusalemu hakusafiri nao peke yake, akaeleza wazi kwamba anataka kuepuka lawama, mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na usijaribu kuyamaliza kwa mpango. Kama chini ya ukimya wa wazee kuna fedha za boma ambazo hazijulikani zilikokwenda, usiitishe kikao cha mpango kwanza. Mwende usharikani, mwombe mkaguzi aje apitie vitabu, hata kama mtuhumiwa ni rafiki yako. Kama mpaka wa kiwanja una maneno, nendeni serikali ya kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla ya kununua bati moja. Boma lililokaa wazi mvua za misimu kadhaa lipate fundi mzoefu au mhandisi wa halmashauri alitazame lenta na kuta kabla ya kubebeshwa paa. Kuta zikianguka ibada ikiendelea, hakuna mpango utakaotufariji. Na kama wazee wamegawanyika kiasi cha kutosalimiana, mwombe mkuu wa jimbo aje akae nanyi uso kwa uso.

Na wewe mwenyewe. Umeandika kwamba unafanya kazi hii usiku na huoni wa kukusaidia. Kama hali hiyo ni ya wiki hizi tu, jumuiya zikianza kuzungumza mzigo utapungua. Lakini kama usingizi umekukimbia kwa muda mrefu, chakula hakina ladha, maombi yamekuwa mazito, au una hasira nyumbani ambazo huzielewi, basi nenda hospitali ukaonane na daktari, umweleze yote bila kuona haya. Mtafute pia mwinjilisti au mchungaji mmoja wa mtaa mwingine, mtu asiyekuwa mkubwa wako wala mdogo wako kazini, mkutane kila mwezi mkaombeane.

Kuhusu tarehe ya usharika, mwandikie mchungaji wako wiki hii. Mwambie mnafanya kazi ya mpango pamoja na jumuiya, kwamba kabla ya mwezi wa nane kwisha mtaleta mpango wa mwaka mmoja uliokamilika na mwelekeo wa miaka miwili inayofuata, na mwombe aje siku ya karatasi za manila. Akikubali kuja, mpe mwezi mmoja ukutani asimamie kuandika, kama wengine. Akisisitiza lazima miaka mitatu yote ijazwe, mjaze kwa kifupi na mwandike wazi kwamba miaka miwili ya mwisho itapitiwa upya kila mnada ukiisha. Bwana awabariki wewe na watu wako wote, na salamu zangu zimfikie yule mzee.